Bursa imepanda: ni nini kimepanda?
Namna ya kusoma indisi ya soko la hisa, na namna ya kutengeneza ya kwetu mu depo ya koperative

Swali moja linarudi mara kwa mara katika mikutano yetu. Radio inasema: « Bursa ya Nairobi imepanda, bursa ya Toronto imeshuka. » Mtu anauliza: « Sasa hiyo inatupatia nini sisi? Bei ya mahindi itapanda? » Na mwingine anasema kuna mtu amepita kijijini na telefone yake, anaomba watu waweke makuta ku bursa, kila mwezi yatazaa.

Swali la kwanza ni la elimu. La pili ni la hatari, kwa sababu linakuja kila mwaka kisha mavuno, wakati kasha ya koperative imejaa kidogo. Mtu asiyejua bursa ni nini hawezi kumjibu mwenye telefone. Njo maana tunatoa kurasa hizi kwa jambo ambalo si mbegu wala mbolea. Mwisho tutarudia mahindi, kwa sababu hesabu ya bursa inaweza kutusaidia kujua siku ya kuuza.

Bursa mbili, jina moja

Ku Likasi, ukisema « bursa », wengi wanafikiri bei ya shaba na kobalti. Wachimbaji na wenye depo wanaulizana asubuhi: « Bursa ni ngapi leo? » Hiyo ni bursa ya metali. Kubwa yake iko London, ilianza mwaka 1877. Pale wanapanga bei ya tani ya shaba, ya zinki, ya kobalti. Ni soko la kitu kinachoshikwa.

Bursa ya pili ni soko la hisa. Pale hakuna anayeuza shaba. Wanauza vipande vya kampuni. Kampuni ikihitaji makuta ya kufanya kazi kubwa, inajikata vipande vidogo sawasawa, inaviuza. Kila kipande ni hisa. Mwenye hisa ni mwenye kampuni, hata kama kipande chake ni kidogo kama punje katika mufuko. Kampuni ikipata faida, anaweza kupewa sehemu yake. Akichoka, anamuuzia mwingine, na bei inategemea mnunuzi wa siku ile anaitaka kwa ngapi.

Nchi yetu ya Kongo haina soko la hisa linalofanya kazi. Majirani wanalo. Lusaka ilifungua lake mwaka 1994. Nairobi ilianza zamani zaidi, mwaka 1954. Dar es Salaam na Kampala walianza kuuza hisa mwaka 1998, na Kigali ikafungua soko lake rasmi mwaka 2011.

Lakini msifikiri bursa iko mbali na sisi. Barazi hii ya Mwadingusha, na ziwa la Tshangalele ambamo watu wanavua samaki, ni watoto wa bursa. Santrali ilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1906, na hisa zake zilikuwa zinauzwa ku bursa ya Bruxelles. Watu waliokuwa hawajawahi kuona Lufira walikuwa wananunua na kuuza vipande vya kazi iliyofanywa huku, mpaka mwanzo wa mwaka 1967 serikali ilipotwaa mali ya kampuni, ikawa ile tunayoita Gécamines.

Na leo bado. Santrali yetu ilitengenezwa upya, mashine zake sita zikamalizika mwaka 2021, nguvu megawati 78. Makuta ya kazi hiyo yalitoka upande wa mgodi wa Kamoa-Kakula, kule Lualaba, kwa mapatano na SNEL. Mgodi huo una wenyewe watatu wakubwa: Ivanhoe Mines, ambayo hisa zake zinauzwa ku bursa ya Toronto, Zijin, ambayo hisa zake zinauzwa Hong Kong na Shanghai, na serikali yetu, ambayo ina 20 kwa mia. Maji yanaanguka hapa, mashine zinazunguka, umeme unaingia mu laini, shaba inatoka, na mtu wa Kanada anatazama ku telefone kama hisa yake imepanda.

Hata benki ni vilevile. Equity BCDC ni ya kundi la Equity la Kenya. TMB, iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004, ilinunuliwa sehemu kubwa na kundi la KCB la Kenya mwisho wa mwaka 2022. Makundi yote mawili hisa zao zinauzwa Nairobi. Koperative yenye konti katika moja ya benki hizo imeweka akiba yake ndani ya nyumba ambayo mwenyewe yuko ku bursa.

Indisi ni nini

Soko la Nairobi lina kampuni zaidi ya hamsini. Siku moja hisa za benki zinapanda, za saruji zinashuka, za chai zinabaki. Mtu akiuliza: « Soko la leo liko namna gani? », huwezi kumsomea bei zote. Unahitaji namba moja. Namba hiyo njo indisi.

Ni kama mtu akikuuliza: « Maisha ya Likasi yako namna gani? » Hutamtajia bei ya chumvi, ya mafuta, ya sabuni, ya makala. Utamwambia: « Maisha imepanda. » Indisi inafanya vile, lakini inaongeza neno moja: imepanda kwa ngapi, na tangu lini.

Wa kwanza kujulikana sana kwa hesabu hii alikuwa Charles Dow wa Marekani. Mwezi wa tano mwaka 1896 alichagua kampuni 12, akajumlisha bei za hisa zao, akagawanya kwa 12. Akapata 40.94. Inafaa wakulima wajue kwamba mle ndani kulikuwa kampuni ya mafuta ya pamba, ya sukari, ya tumbaku, ya ngozi na ya mpira. Mazao ya shamba yalikuwa na nafasi kubwa katika kipimo kile cha utajiri wa Marekani.

Hesabu ya Dow ni nyepesi, lakini ina kasoro. Tuione kwa vitu tunavyovijua. Bei zifuatazo ni za mfano tu, si za soko la leo.

Mwezi wa tano, kisha mavuno:
– meka moja ya mahindi: franka 2,000
– fungu moja la samaki wa kukauka: franka 5,000
– meka moja ya kalanga: franka 6,000
Jumla: 13,000. Tunaiita 100. Njo mwanzo wetu.

Mwezi wa kwanza, wakati wa njaa:
– mahindi: franka 3,500
– samaki: franka 5,000
– kalanga: franka 6,000
Jumla: 14,500.

Gawanya 14,500 kwa 13,000, zidisha mara 100: unapata karibu 112. Indisi hii inasema maisha imepanda 12 kwa mia. Mama gani atakubali? Mahindi yamekaribia bei mara mbili, na bila bunga hakuna bukari. Hesabu si ya uongo, lakini imepima vibaya: imempa kalanga nguvu zaidi kuliko mahindi kwa sababu tu meka yake ni ya bei kali.

Sasa tuweke uzito. Tuseme nyumba moja inatumia kwa mwezi meka 20 za mahindi, mafungu 4 ya samaki na meka 2 za kalanga. Mwezi wa tano: 40,000 na 20,000 na 12,000, jumla 72,000. Mwezi wa kwanza: 70,000 na 20,000 na 12,000, jumla 102,000. Gawanya, zidisha mara 100: karibu 142. Bei ni zilezile, soko ni lilelile, lakini indisi ya kwanza inasema 112 na ya pili 142. Tofauti imetoka ku uzito.

Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka. Kila mtu akikutajia indisi, muulize: mumeweka nini ndani, na kila kitu kina uzito gani?

Nairobi na tembo wake

Nairobi wana indisi nyingi. Ya zamani inaitwa NSE 20, ilianza miaka ya 1960, inachagua kampuni 20 tu. Mwaka 2008 wakaongeza nyingine, NASI, ambayo inahesabu kampuni zote za soko. Mwanzo wake ni 100, tarehe 1 ya mwezi wa kwanza mwaka 2008.

Katika NASI kila kampuni ina uzito wa thamani yake: unazidisha bei ya hisa moja na hesabu ya hisa zote. Kampuni kubwa inavuta sana, ndogo inavuta kidogo. Ni haki, lakini inaleta matata yake. Safaricom, kampuni ya telefone na M-Pesa, iliingia sokoni mwezi wa sita mwaka 2008, na ikakua mpaka mara nyingine karibu nusu ya thamani ya soko lote ni yake peke yake. Tembo akiingia mu mutumbwi, akihama upande, mutumbwi wote unalala upande ule.

Tufanye mfano mdogo. Soko lina kampuni mbili: kubwa ya thamani 90, ndogo ya thamani 10. Jumla 100. Kubwa inashuka 10 kwa mia, inabaki 81. Ndogo inapanda 20 kwa mia, inakuwa 12. Jumla 93. Radio itasema « soko limeshuka », lakini wenye hisa za kampuni ndogo wanacheka. Ni kweli kwa soko lote, si kweli kwa kila mtu aliye sokoni.

Ilitokea kweli mwaka 2023. Bei ya Safaricom ilianguka sana, na NASI ikaanguka nayo. Mwisho wa mwaka ule ilikuwa karibu 92. Tafakarini kidogo: ilianza 100 mwaka 2008, kisha miaka 16 ilikuwa chini ya pale ilipoanzia. Mwaka uliofuata ikapanda tena, ikamaliza karibu 123.

Kuna jambo zaidi, na sisi Wakongo tunalijua kuliko wengi. Indisi hiyo iko katika shilingi. Mwanzo wa mwaka 2008 dolari moja ilikuwa karibu shilingi 65. Mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa karibu 157. Mtu aliyenunua soko lote la Nairobi kwa dolari, akangoja miaka 16, akarudi ku dolari, alipoteza zaidi ya nusu, tusipohesabu faida ndogo zilizogawanywa njiani. Wazee wetu walioishi miaka ya 1990, wakati wa zaire na zaire mupya, hawahitaji maelezo. Namba inaweza kupanda na utajiri ukashuka. Zimbabwe mwaka 2007 na 2008 indisi ya bursa ilipanda kwa namna ya kutisha, na watu walikuwa wanabeba mifuko ya noti kununua mkate.

Jambo la pili la kukumbuka, basi: indisi isome pamoja na bei za vitu na kiwango cha dolari. Peke yake ni jicho moja.

Ivanhoe ilishuka, Kanada ilisimama

Indisi ya Kanada inaitwa S&P/TSX Composite. Ina kampuni zaidi ya 200: mabenki, mafuta, migodi, reli. Mwanzo wake ni 1,000, kwa mwaka 1975. Ivanhoe ni moja kati ya hizo.

Mwezi wa tano mwaka 2025 ardhi ilitikisika ndani ya mgodi wa Kakula, maji yakaingia, kazi ya chini ikasimamishwa. Hisa ya Ivanhoe ilianguka Toronto mara moja. Huku Katanga na Lualaba ilikuwa habari kubwa. Lakini indisi ya Kanada haikuyumba kwa ajili yake, kwa sababu katika mufuko ule Ivanhoe ni punje chache.

Hapo tunaona faida ya indisi na kasoro yake kwa wakati mmoja. Mtu aliyeweka makuta yake yote mu Ivanhoe aliumia. Aliyeyatawanya mu kampuni 200 hakuhisi sana. Ni kama mkulima aliyelima mahindi tu, na mwingine aliyelima mahindi, mihogo, maharagi na kufuga kuku: kiwavi akija, wa pili analia nusu. Lakini pia, aliyekuwa anatazama indisi ya Kanada peke yake hakujua hata kidogo kwamba kuna watu wa kwetu walikuwa wanahofia kazi yao. Indisi inasahau wadogo. Haikutengenezwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: bursa ya Toronto au ya Nairobi ikipanda, bei ya mahindi ya Mwadingusha haipandi. Kinachogusa mahindi yetu ni mvua, njia ya gari, kiwango cha dolari, na mpaka wa Zambia. Mwezi wa pili mwaka 2024 rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kwa kuwa Katanga inakula mahindi mengi ya Zambia, mwanamemba aliyesikia habari ile alikuwa na sababu ya kutouza mufuko wake wa mwisho kwa haraka. Habari moja ile ilikuwa na faida kwetu kuliko indisi kumi.

Mukebe ukibadilishwa

Watunza indisi wana kazi moja ambayo bamama wa soko wataielewa mara moja. Mnajua wauzaji wengine wanagonga chini ya meka, inaingia ndani, inachukua mahindi kidogo. Bei ni ileile, 2,000, lakini si meka ileile. Ukiandika 2,000 na 2,000 utasema bei haikupanda, kumbe imepanda.

Ku bursa pia vipimo vinabadilika. Kampuni inaweza kukata hisa moja ya 100 kuwa mbili za 50. Ukiangalia bei tu, utasema imeanguka nusu, na hakuna aliyepoteza kitu. Kampuni nyingine inafungwa, mpya inaingia mahali pake. Kila mara watunza indisi wanarekebisha namba ya kugawanya, ili indisi isiruke kwa sababu ya mukebe. Iruke tu kwa sababu bei imebadilika kweli. Indisi yenye kutunzwa vizuri ina kanuni zilizoandikwa na kutangazwa, kila mtu anaweza kuzisoma. Isiyo na kanuni ni meka iliyogongwa.

Sehemu ya koperative si hisa ya bursa

Wanamemba wengine wanauliza: « Nililipa sehemu yangu zamani. Leo ina thamani gani? Imepanda? » Tusichanganye.

Koperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Kongo iliingia OHADA mwezi wa tisa mwaka 2012. Katika sheria hiyo, sehemu ya mwanamemba haiuzwi sokoni kwa mnunuzi yeyote, na hakuna indisi inayoipandisha. Anayetoka kwa kawaida anarudishiwa thamani iliyoandikwa, kama koperative haina hasara. Faida yake inakuja kwa njia nyingine: kununua mbegu kwa bei nzuri, kuuza pamoja, na kurudishiwa ziada kulingana na kazi aliyofanya na koperative.

Ku bursa, mwenye hisa elfu ana sauti elfu. Kwetu, mwenye sehemu moja na mwenye sehemu kumi kila mmoja ana sauti moja. Hiyo ni mali kubwa. Mtu akija kuwaambia « tununue sehemu zenu, tuzipeleke ku bursa », ameomba sauti zenu.

Mwenye telefone

Sasa jibu la swali la pili. Wazee wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa. Iliahidi kurudisha makuta mara nyingi kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa, kwa makuta ya waliofuata. Mwaka 1991 ikaanguka, na watu wengi walipoteza akiba ya maisha. Leo wanatumia telefone na neno « bursa », lakini mtego ni uleule.

Mumuulize maswali matano, mbele ya mkutano wote:
1. Ni bursa gani, ya mji gani? Bursa ya kweli ina jina na mji, na bei zake zinatangazwa wazi kila siku ya kazi.
2. Ni hisa ya kampuni gani? Asipotaja kampuni, hauzi hisa.
3. Nani amekupa ruhusa ya kuuza? Wakala wa kweli ana karatasi ya serikali inayosimamia soko lake.
4. Ikishuka, nitapoteza ngapi? Akisema « haishuki », mkutano umekwisha. Mmeona Nairobi: kisha miaka 16, ilikuwa 92.
5. Kwa nini unanipa zawadi nikileta watu wengine? Hisa haihitaji ulete jirani. Mtego njo unahitaji.

Na makuta ya kasha ya koperative hayaendi popote bila uamuzi wa mkutano mkuu, ulioandikwa na kutiwa sahihi. Kamati haina ruhusa ya kujaribu bahati kwa jasho la wengine.

Tutengeneze indisi yetu

Hesabu ya bursa inafaa sana mu depo. Tunashauri kila koperative ifungue daftari moja la bei, na watu wawili wa kulishika, ili mmoja akigonjwa kazi isisimame.

Chagueni vitu vinne au vitano tu: mahindi, mihogo, maharagi, samaki, na kimoja cha dukani kama chumvi au sabuni. Kubalianeni uzito: nyumba ya kawaida inatumia ngapi kwa mwezi? Bamama njo wanajua, waulizwe wao. Chagueni siku moja ya soko kila wiki, soko lilelile, saa ileile. Mukebe wa kupimia uwe wa koperative, utunzwe mu depo, usigongwe. Mwezi wa mavuno muuite 100. Kila wiki andikeni bei, indisi, na kiwango cha dolari kwa wakambisti siku ile.

Kisha mwaka mmoja mtaona mlima na bonde la bei zenu wenyewe. Kisha miaka mitatu mtajua mwezi gani mahindi yanapanda kwa kawaida, na kwa kiasi gani. Mnunuzi akija na lori akisema « bei imeshuka kila mahali », mtafungua daftari.

Lakini msiuze kwa kutazama bei peke yake. Chukueni mfano wetu wa juu. Mwanamemba ana meka 100. Akiuza mwezi wa tano kwa 2,000, anapata franka 200,000. Akingoja mwezi wa kwanza, bei ni 3,500, lakini wadudu wamekula meka 15, na ametumia franka 20,000 kwa mifuko na dawa. Anauza meka 85: 297,500, toa 20,000, anabaki na 277,500. Kwa franka amepata 39 kwa mia zaidi. Sasa tuseme dolari ilikuwa 2,500 mwezi wa tano, na 2,800 mwezi wa kwanza. Kwa dolari alikuwa na 80, leo ana 99: ni 24 kwa mia zaidi. Bado ni faida nzuri, lakini si ile ambayo bei ya meka ilionyesha. Na kama wadudu wangekula nusu, angebaki na franka 155,000: angepoteza.

Kwa hiyo depo njo inaamua kama indisi itawaletea faida. Mahindi yaingie makavu. Weka punje ndani ya chupa kavu na chumvi kavu kidogo, tikisa, ngoja dakika chache: chumvi ikishika ku chupa, mahindi bado yana maji, yarudi ku jua. Mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa inaua wadudu bila dawa, lakini ikitoboka mara moja kazi imeharibika. Na anayedaiwa ada ya shule asilazimishwe kungoja mwezi wa kwanza: auze kidogo sasa, aweke kingine. Kutawanya siku za kuuza ni kama kutawanya hisa.

Tufupishe. Indisi ni mufuko wenye vitu vilivyochaguliwa, uzito uliokubaliwa, na siku ya mwanzo inayoitwa 100. Anayejua hayo matatu hadanganywi na radio wala na telefone. Koperative ambazo zitaanza daftari la bei mavuno haya, mtuletee kurasa za miezi mitatu ya kwanza tukipita kwa mafunzo ya kuhifadhi. Tutahesabu pamoja, na tutaweka namba za vijiji mbalimbali upande kwa upande, ili mtu wa kando ya ziwa ajue mahindi yanauzwa ngapi upande wa njia kubwa kabla lori halijafika.